Rudi Nyuma, Mwalimu

Watoto waliuamkia ukuta.

Walisimama wote kwa pamoja, Kidato cha Pili cha Shule ya Sekondari Isyeto, wakavuta sweta zao za kijani zikae sawa, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ukuta ukanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta miwani yake, kisha ukajibu, "Marahaba. Kaeni. Aliyekula ndizi asifutie mikono kwenye dawati." Darasa likacheka kwa adabu.

Mimi niliyeegemea mlango wa nyuma nilicheka bila adabu. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa mvulana, katika chumba hiki hiki, kutoka kinywani mwa mwenye sauti. Siku hizo ukuta wa mbele ulikuwa ukuta tu, una ubao mweusi uliopasuka pembeni, na mvua ya Rungwe ikinyesha juu ya bati tulikuwa tunasoma kwa kutazama midomo. Sasa bati limeondoka, paa limekuwa la vioo vya kunasa jua, ingawa jua lenyewe huku kwetu huja kama mgeni wa harusi, limechelewa na haliketi.

Naitwa Anyelwisye Mwasomola. Waliosoma nami huniita Anye. Mimi ni mmoja wa watu waliomtengeneza Subi, programu inayofundisha hesabu katika shule za sekondari nchi nzima, na sauti yake ni ya Mwalimu Subilaga Mwaikenda, aliyefundisha Isyeto mpaka miguu ilipokataa kumpandisha mlima. Tulichukua sauti yake, mikogo yake, namna yake ya kusubiri. Na tulichukua makosa yake, ambayo ndiyo yaliyonileta.

"Leo hasi na hasi," Subi alisema, na chaki ikaanza kulia. Chaki yenyewe haipo, ni mwanga unaojiandika ukutani, lakini mlio ule tuliuhangaikia sana, tukagonga na kukwaruza mpaka tukapata hata kile kilio kidogo cha mwisho wa mstari kinachosisimua meno. "Hasi tatu mara hasi nne ni hasi kumi na mbili."

Kisha akanyamaza.

Sayansi yote ya Subi imo katika ukimya huo. Chini ya ukuta kuna jicho dogo linalotazama macho ya watoto, na vibao vya madawati vinahisi vidole. Mtoto akiliona kosa, macho yake hurudi kwenye mstari, pumzi hukatika, vidole huanza kutafuta mbao. Kwa muda huo mfupi, kati ya kuona na kusema, hakuna mtoto anayechukia hesabu. Jambo hilo tunaliita hamu, na tumejifunza kulipima. Subi huchagua kosa kwa kipimo hicho, lisiwe jepesi mtoto akalidharau, wala zito akapotea. Haendelei mpaka mtu agonge dawati na kusema maneno ambayo Mwalimu Subilaga alitufundisha kabla hajatufundisha kitu kingine chochote: Rudi nyuma, Mwalimu. Aliyegonga hukabidhiwa chaki.

Enzi zetu madawati yalinguruma. Kuna siku mwalimu mkuu alikuja mbio na fimbo mkononi akidhani tunapigana, akakuta tunagombea kusahihisha sehemu. Mwalimu Subilaga alikuwa amesimama pale mbele, mkono mmoja nyuma ya mgongo, ameegemea mguu wa kushoto, anatutazama kama mtu aliyeficha pipi. Sijapata kufurahi namna ile tena, na nimeoa, nimezaa na nimepanda ndege.

Darasa hili lilikaa kimya. Kwenye kishikwambi changu mstari wa hamu ulipanda vizuri, maana yake zaidi ya nusu walikuwa wameliona kosa. Wakatazamana. Mmoja akatazama sakafu. Hatimaye kijana wa mbele aitwaye Lugano akagonga kwa kidole kimoja, kama anayebisha hodi ukweni.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Kama hutajali, tafadhali, rudi nyuma."

Nikajisemea moyoni kwamba watoto wa siku hizi wamepoa kama uji wa jana.

Lakini dawati la nyuma, karibu yangu kabisa, aliketi msichana ambaye mstari wake wa hamu ulikuwa umepanda kabla ya wote, ukasimama juu, kisha ukashuka wenyewe taratibu. Nilimwangalia mikono. Alikuwa ameikalia.

*

Huyo alikuwa Tumpe Mwaikenda, mjukuu wa Mwalimu, na ndiye sababu ya safari yangu.

Mwaka uliopita Tumpe alifanya mtihani wa Kidato cha Pili. Kila palipokuwa na mabano aliandika kwamba a jumlisha b, yote kipeo cha pili, ni a kipeo cha pili jumlisha b kipeo cha pili. 2ab haikuonekana hata mara moja katika karatasi nzima. Akafeli hesabu, akarudishwa darasa, na nafasi yake katika shule ya ufundi ya Mbeya akapewa mwingine. Baba yake, Gwakisa, alipofungua kishikwambi cha mtoto alikuta kosa lile lile kwa sauti ya mama yake mzazi. Subi alikuwa ameliandika alasiri moja ya mvua, Tumpe akiwa peke yake chumbani, akasubiri agongewe. Tumpe hakugonga. Alizima. Gwakisa akapeleka malalamiko kwenye Bodi inayosimamia programu za shule, na nisingemlaumu.

Mwenyekiti wa Bodi, Bi. Nyamizi, alizungumza nami mchana huo kutoka Dodoma. Picha yake ya mwanga ilisimama juu ya meza ya walimu, katikati ya vikombe, fupi kuliko chupa ya chai, ikanikemea kama mtu mzima.

"Anyelwisye, mmemfundisha mtoto uongo."

"Tunamfundisha kuukamata uongo, Mama."

"Hakuukamata."

"Kosa moja haliachi mke."

"Usiniletee methali." Alisogea mbele, pua yake ikaingia kwenye bakuli la sukari. "Mwalimu binadamu akikosea, kesho yupo pale pale, mzazi anaweza kumfuata akamwuliza. Mashine ikikosea kwa kukusudia, mzazi amfuate nani? Mtoto anaiamini. Mna haki gani ya kumdanganya anayekuamini, hata kwa faida yake?"

Nimelitafuta jibu la swali hilo tangu tulipoandika mstari wa kwanza wa programu ile, na kila nikidhani nimelipata, linaniponyoka.

"Ondoa makosa," alisema. "Sauti iache, wazazi wanaipenda sana. Ijumaa nitakaa katika darasa lenu nione Subi asiyekosea. La sivyo tunamzima nchi nzima."

Alasiri nilijaribu. Mabadiliko yote ya Subi hujaribiwa kwanza Isyeto, alikozaliwa, ndipo yaende kwingine. Niliyafunga makosa, nikasimama tena mlangoni. Subi alifundisha vizuri mno. Kila mstari ulikuwa sawa, sauti ileile tamu, na mzaha wa ndizi ukarudi mahali pake. Mstari wa hamu ulilala chini mpaka kengele. Lugano alichora kuku pembeni mwa kishikwambi chake, tena kuku mzuri.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili. Nikiacha makosa, wote wanazimiwa Subi. Nikiyaondoa, wanabaki na bibi mwenye sauti nzuri asiyekuwa na haja nao. Nikiri kwamba sauti yenyewe ilinishinda nguvu. Nyumbani kwangu huwasha somo la kipeuo cha pili ninapopika, si kwa ajili ya kipeuo. Huniondolea upweke. Mke wangu alishasema kwamba kama angejua angeolewa na mwalimu wangu pia, angedai mahari zaidi.

*

Alhamisi jioni Tumpe alinikuta getini mwa shule, pale palipoandikwa jina la bibi yake kwa herufi za shaba.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba amesema nikuongoze, mvua imeharibu njia ya juu."

Nilikuwa na bodaboda isiyo na dereva, ya kukodi, aina ile inayokuomba radhi kila inapoingia shimoni, na njia ya Isyeto ilikuwa imeifanya iombe radhi mpaka ikakata tamaa. Tuliiacha hapo tukashuka kwa miguu kati ya mashamba ya chai. Mashine za kuchuma, zenye miguu sita kila moja, zilikuwa zinatembea mistarini polepole chini ya manyunyu. Zamani mistari hiyo ilijaa mama zetu na makapu yao, na ulikuwa ukipita husemi neno bila kuulizwa umetoka kwa nani.

Nilitafuta namna ya kuanza, nikaikosa, nikauliza tu.

"Ulijua kwamba ni kosa?"

"Nilijua," alisema. "Nililiona kabla chaki haijamaliza kulia."

"Sasa mbona hukugonga?"

Alikata jani la chai, akalikunja. "Ni sauti ya Bibi."

"Ndiyo, lakini ni Subi."

"Baba mdogo, nyumbani Bibi anasema jana tulikula samaki, na hatukula. Tunamwambia ndiyo, Bibi, walikuwa watamu. Anasema Babu ameenda kijijini Masoko, tunasema atarudi jioni. Halafu naingia chumbani nafungua kishikwambi, namkuta ni yeye yule yule. Nimgongee huku, wakati kule nimemwitikia?"

Tulipisha mashine moja ikavuka njia.

"Na kwenye mtihani?" niliuliza. "Si ulikuwa peke yako?"

"Kwenye mtihani sikuwa na uhakika tena. Mtu ukizoea kuitikia, la kwako linafifia. Niliona 2ab kichwani, nikasikia sauti inasema haipo. Nikaandika la Bibi."

Tulilelewa kwa kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto huyu alilisikia la mkuu, akavunjika nalo. Nilitaka kumwambia pole, ila neno lenyewe lilionekana dogo.

"Wenzako nao?" niliuliza. "Mbona wanagonga kama wanaiba?"

"Wazazi wao wote walifundishwa na Bibi. Wanaambiwa nyumbani, yule ndiye aliyetufanya watu, msimchezee. Lugano alisemwa na mama yake juma zima kwa kumgongea." Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Yeye ana ujasiri, lakini anaomba samahani kwanza."

Nilisimama katikati ya njia. Kumbe hawakuwa wamepoa. Sisi tuliomsifu Mwalimu kila harusi na kila msiba, tukaandika jina lake kwa shaba, ndio tuliowafunga mikono.

*

Gwakisa alinipokea uani, akanishika mkono kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika.

"Tulikaa dawati moja, Anye," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemchukua mama yangu mkamtia ukutani, akamfelisha mwanangu. Nilikuwa nimepanga kukutukana, lakini mama yuko macho, atasikia."

"Nitukane ukinisindikiza."

"Vema. Sasa sikiliza sheria ya hapa. Hatumkosoi. Mwaka juzi aliniuliza baba yuko wapi, mimi kwa upumbavu wangu nikamwambia ukweli. Alilia kana kwamba kafiwa asubuhi ile. Toka siku hiyo, akisema leo Jumapili, tunavaa za Jumapili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mwalimu Subilaga alikuwa jikoni, karibu na moto, amejifunika blanketi la bluu. Alikuwa amepungua sana. Nilijua ningemkuta hivyo, na bado nilisimama kwanza mlangoni.

"Mugonile, Mwalimu," nilimsalimu Kinyakyusa.

"Hiyo ya barabarani," alijibu bila kugeuka. "Ya darasani iko wapi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Ndipo akanitazama, muda mrefu. "Anye wa dirishani. Ulikuwa unahesabu ng'ombe wa watu huku mimi nafundisha. Umeleta daftari?"

Gwakisa alinikata jicho. "Nimelisahau, Mwalimu," nikasema.

"Utalisahau mpaka lini?"

Tumpe alipakua mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama, na maziwa ya mgando pembeni. Tukala. Mazungumzo yakaenda kwenye parachichi, kwa kuwa kesho yake Gwakisa alikuwa anapokea miche na mashimo yalishachimbwa nyuma ya nyumba. Mwalimu alichovya kidole kwenye maji ya kunawia akaanza kuchora mezani, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akichora ubaoni.

"Mistari minane," alisema. "Kila mstari miche minane. Hamsini na sita."

"Ndiyo, Mama," alisema Gwakisa.

"Ndiyo, Bibi," alisema Tumpe, na nikaona chini ya meza mikono yake inaingia chini ya mapaja.

Mwalimu hakuendelea. Alikaa na kidole chake juu ya mchoro, akimtazama mmoja, kisha mwingine. Ukimya ule niliujua. Niliupima kwa vyombo, nikauandikia programu, nikausambaza nchi nzima, na sasa ulikuwa mbele yangu katika jiko la watu, unasubiri, na hakuna aliyeutambua ila mimi. Au labda haukuwa ule. Labda alikuwa mwanamke mzee aliyesahau nane mara nane. Nilikuwa nimeahidi. Nilimwona Gwakisa akitikisa kichwa.

Vidole vyangu viligonga meza vyenyewe.

"Rudi nyuma, Mwalimu," nilisema.

Kijiko cha Tumpe kilianguka. Gwakisa alifunga macho.

"Nani kagonga?" aliuliza Mwalimu.

"Mimi. Wa dirishani. Ni sitini na nne."

Alitazama mchoro wake uliokuwa umeanza kukauka. Midomo ilicheza akihesabu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Tumpe?"

"Nilijua, Bibi."

"Tangu lini watu wa nyumba hii wanajua wananyamaza?" Tumpe aliinama kuokota kijiko. "Mimi nilidhani siku zote nasema sawa. Nikasema moyoni, kumbe uzee wenyewe mzuri hivi, mtu hakosei tena." Akacheka, na kicheko kikamgeuka njiani, akajifuta macho kwa pembe ya blanketi. "Gwakisa, kuninyamazia ni kunitoa darasani."

"Nilitaka usiumie, Mama. Ile siku ya Baba…"

"Ya baba yako ni msiba. Ukiona nimeusahau, niache nipumzike. Lakini nane mara nane haijafa." Aligonga meza kwa kidole kilicholowa. "Niacheni nilie kidogo kwa sitini na nne. Haiui mtu."

Gwakisa aliinamisha kichwa, na nadhani alikuwa analia, maana alijifanya anatafuta mfupa kwenye sahani yake.

Nilimwuliza nilichokuwa na hofu ya kuuliza. "Mwalimu, ulikosea makusudi?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri juu ya kila swali alilowahi kuulizwa na mtoto.

"Sijui," alisema. "Zamani nilijua. Siku hizi sijui. Ndiyo maana nawahitaji mgonge."

Basi nikamweleza yote, kuhusu Bodi, mtihani na mikono inayokaliwa. Sijui alielewa kiasi gani. Kuhusu watoto kuuamkia ukuta alisikitika, akasema shikamoo ni kushika miguu, na ukuta hauna magoti. Nilipofika kwenye sauti alinikatiza.

"Sauti ya nani?"

"Yako, Mwalimu."

"Mnirudishie," alisema. "Bado naitumia."

*

Sikuwa na usingizi mzuri, na asubuhi ya Ijumaa niliingia katika chumba cha walimu mapema nikafungua programu. Makosa niliyarudisha yote, nikayaacha kama alivyotuachia. Kisha nikaenda kwenye sauti.

Kuiondoa ni kazi ya kugusa mara moja tu, nami nilikaa nayo muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyopata kufanya. Nilimsikiliza akisema maneno ya ndizi. Nilimsikiliza akisema jina langu, maana tulimrekodi akiita orodha yetu ya zamani, na hilo halikuwahi kwenda shule yoyote, lilikuwa letu. Nilijua kwamba si siku nyingi mwenyewe hatakuwa nayo tena, na mimi nitakuwa nimeitupa kwa mkono wangu. Niliona uchungu kweli. Lakini mtoto anaweza kumgongea mgeni. Kumgongea mtu anayependwa hivi, aliyeandikwa kwa shaba, kunahitaji moyo ambao hatukuwapa watoto hawa. Hamu ilikuwa katika kosa na katika kusubiri. Sauti ilikuwa haja yangu mimi.

Nikagusa. Niliacha mlio wa chaki peke yake.

Darasa lilipoanza watoto walisimama, wakavuta sweta, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ukuta haukujibu. Walikaa mmoja mmoja, wakitazamana.

"Sauti iko wapi?" Bi. Nyamizi aliniuliza kutoka kwenye kishikwambi nilichokishika kifuani. "Nilisema makosa, Anyelwisye. Sauti nilisema iache."

"Mwenyewe ameidai, Mama. Tazama kidogo."

"Sikuja kutazama kidogo. Bodi itakaa Jumatatu juu ya…"

Chaki ikaanza kulia. Iliandika a jumlisha b ndani ya mabano, ikaweka kipeo cha pili juu, ikaandika sawasawa, kisha a kipeo cha pili, jumlisha, b kipeo cha pili. Ikasimama.

Sikulichagua kosa lile. Subi mwenyewe alilichagua, kwa kipimo cha darasa lile siku ile. Nilitazama mgongo wa Tumpe. Mstari wake ulipanda, ukafika juu, ukakaa hapo, nami nikasubiri ushuke kama juzi.

Aliitoa mikono chini ya mapaja. Akaitazama, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazimisha. Kisha akagonga, kwa viganja vyote viwili, na dawati likanguruma.

"Rudi nyuma," alisema. Hakusema samahani.

Baada yake wengine wakagonga, Lugano kwa ngumi, na kwa muda mfupi chumba kikawa kile changu, chenye bati, chenye mvua. Tumpe alienda mbele, mwanga wa chaki ukamfuata kidoleni. Alichora shamba la mraba, akaligawa, akaonyesha kipande kikubwa cha a na kidogo cha b, halafu vile vipande viwili virefu vilivyosahauliwa pembeni. Akaandika 2ab mahali pake. Darasa likapiga makofi.

Angeweza kurudi kukaa. Badala yake aliandika mstari mwingine chini, kwa haraka, bila kuulizwa na mtu: a toa b, yote kipeo cha pili, ni a kipeo cha pili toa 2ab toa b kipeo cha pili. Kisha akatugeukia. Mkono mmoja ukaenda nyuma ya mgongo. Akaegemea mguu wa kushoto.

Hakuna aliyemfundisha hivyo.

"Anyelwisye," Bi. Nyamizi alinong'ona. "Anyelwisye, huyo mtoto amekosea tena. Ile alama ya mwisho. Mwambie."

"Sijui, Mama."

"Hujui nini? Hasi mara hasi, jamani, ile b ya mwisho…" Akanyamaza. Nilimsikia pumzi ikikatika.

Darasa lilikuwa bado linausoma mstari. Tumpe alisubiri. Na kabla kidole chochote cha Isyeto hakijafika kwenye mbao, kutoka kifuani mwangu, kutoka Dodoma, nilisikia mtu anagonga meza.